Kabla ya kubadilisha mtutu, bunduki na iulizwe kazi yake

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakutuachia, hata hivyo, wasia wowote kuhusu mhunzi ambaye koleo lake limevunjika na moto wa kiwanda chake nao umezimwa kwa amri ya sheria. Hiyo ndiyo hali ya wale wachache miongoni mwetu ambao wangali na bunduki za uwindaji, zile zilizoundwa kumfikia mnyama aliye mbali tambarareni, na ambazo mitutu yake sasa imechakaa.

Hapa Ndabibi jambo hili si la nadharia. Eneo letu limelala kati ya Ziwa Naivasha na milima ya Eburu. Zama za ukoloni lilikuwa ranchi ya Gilbert Colvile, mfugaji mashuhuri wa ng'ombe wa Boran, aliyefariki mwaka wa 1966 na kuzikwa papa hapa. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa chini ya Shirika la Ustawishaji Kilimo, ADC, na leo mahali palipokuwa na ranchi moja pana mashamba mengi madogo ya mahindi, viazi na maharagwe. Wenye ardhi wamebadilika, lakini nyati na pundamilia hawakupelekewa habari. Wangali wanapita njia za babu zao, na mara nyingine njia hizo hukatiza katikati ya shamba la mtu.

Mzee mmoja, jirani na rafiki yangu, anayo bunduki ya namna hiyo, nayo imeandikwa kihalali katika cheti chake. Mtambo wake ni wa Mauser, na risasi zake ni za .300 Holland & Holland, aina iliyotolewa mwaka wa 1925 na kupendwa na wawindaji waliotaka kulenga mbali. Fundi mmoja amemwambia kwamba inatosha kubadilisha mtutu. Fundi wa pili amemshauri aiunde bunduki upya yote: mtutu, kitako, kifyatuo na darubini, kazi ambayo itammaliza ng'ombe kadhaa zizini. Aliponitaka rai, nilimwambia kwamba mafundi wote wawili wamejibu swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni hili: bunduki hii itafanya kazi gani? Nitaeleza sababu za kusema hivyo, nikianzia kwenye chuma chenyewe, maana asiyekijua chuma huwa hana la kujibu mbele ya fundi.

Watu wengi hudhani kwamba mtutu huliwa na risasi inayosugua ndani yake. Ukweli ni kwamba adui mkubwa ni moto. Baruti ya risasi kubwa inapolipuka, gesi yake hupita joto la nyuzi 2000 za selsiasi, ilhali chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1500. Shinikizo nalo hufikia takriban tani 4 kwa kila sentimita mraba. Mtutu hauyeyuki kwa sababu moja tu, kwamba tukio lote hilo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hata hivyo kila mlio huacha kovu. Makovu hayo huanzia kwenye koo la mtutu, pale risasi inapotoka katika chumba chake na kuingia kwenye mifereji inayoizungusha. Koo hilo hupasuka nyufa nyembamba kama udongo wa bwawa lililokauka, kisha mifereji huliwa kidogo kidogo kuelekea mbele.

Ndiyo maana umri wa mtutu hauhesabiwi kwa miaka bali kwa milio. Bunduki ya risasi ya wastani inaweza kustahimili milio 5000 au zaidi kabla ya shabaha yake kuharibika. Zile za baruti nyingi, kama hii ya jirani yangu, aghalabu huanza kulegea baada ya milio 1500 au 2000, na mapema zaidi ikiwa mwenyewe ana mazoea ya kufyatua mfululizo hadi mtutu unachoma kiganja.

Bunduki kuukuu za nchi hii zina maradhi ya pili. Fataki za risasi za zamani ziliacha ndani ya mtutu chumvi iliyovuta unyevunyevu wa hewa, na kutu ikafuata. Mwindaji mwangalifu alimimina maji ya moto mtutuni jioni ile ile, akaukausha na kuupaka mafuta. Mzembe alilala, na asubuhi mtutu ulikuwa umeanza kuota vishimo. Kwa hiyo unaweza kukuta bunduki iliyopigwa milio 300 tu ikiwa na mtutu mbovu kuliko ile iliyopigwa 3000.

Pamoja na hayo, mtutu usihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Bunduki inapoanza kutapanya risasi, mwenye busara huanzia kwenye mambo madogo. Je, skrubu zinazoshika darubini zimelegea? Je, kitako cha mbao kimevimba kwa mvua na jua kikawa kinausukuma mtutu upande? Je, shaba ya risasi imeganda ndani ya mifereji kwa miaka mingi pasipo kusafishwa? Je, mdomo wa mtutu, pale risasi inapoagana na chuma, umegongwa ukaingia pengo? Pengo dogo hapo hutosha kuipotosha kila risasi, na fundi huliondoa kwa kukata ukingo huo upya, kazi ya saa chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini pia hakuna haja ya kuubomoa ukuta mzima kwa ajili ya ufa mmoja.

Baada ya hayo yote kukaguliwa, iwapo risasi zingali zinatawanyika, na zaidi ikiwa matundu kwenye karatasi ya shabaha yamekuwa marefu, ishara kwamba risasi inafika ikiwa imelala ubavu, basi mtutu umekwisha. Hapo ndipo penye njia mbili alizoambiwa jirani yangu.

Njia ya kwanza, kubadilisha mtutu pekee, ni ya busara pale ambapo mtambo ungali mzima. Mtambo wa Mauser, uliotokana na bunduki ya kijeshi ya Ujerumani ya mwaka wa 1898, unasifika kwa kuzika mtutu mmoja baada ya mwingine. Fundi hukagua meno ya komeo na mahali yanapoegemea, aone kama yamebonyea au yana ufa. Yakiwa salama, hukaza mtutu mpya, huchonga chumba cha risasi, na hupima nafasi kati ya komeo na ganda kwa vipimo viwili, kimoja ambacho ni lazima kiingie na kingine ambacho ni marufuku kuingia. Nafasi hiyo ikizidi kwa unene wa karatasi chache, ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni mwa mpigaji. Huko Uingereza sheria ya mwaka wa 1868 inataka mtutu mpya upimwe kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, katika nyumba maalumu ya London au Birmingham, kabla ya bunduki kuuzwa. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba chuma kisichojaribiwa si cha kutegemewa.

Mtutu mpya huleta pia suala la risasi. Zile za .300 Holland & Holland zimekuwa adimu na ghali. Kitako cha ganda lake, kwa bahati, kina upana ule ule wa .300 Winchester Magnum ya mwaka wa 1963 na .375 ya mwaka wa 1912, kwa hiyo komeo lile lile linaweza kuzishika zote. Fundi atasema ni jambo jepesi. Kwa chuma ni jepesi. Kwa sheria sivyo. Cheti hutaja bunduki na aina yake. Isitoshe, Sheria ya Silaha ya Kenya haiitambui bunduki nzima peke yake, bali hata kiungo chake ni silaha. Anayenunua mtutu bila kibali amenunua silaha bila kibali, hata kama ameubeba umefungwa kwenye gazeti kama bomba la maji.

Njia ya pili, ya kuiunda bunduki upya, ni ya yule ambaye mtambo wake una kasoro, kitako chake kimepasuka, na kifyatuo chake hakitabiriki. Gharama yake mara nyingi hupita bei ya bunduki mpya iliyotoka kiwandani ikiwa na dhamana. Anayeichagua huwa hanunui shabaha tu, ananunua kumbukumbu. Hilo si kosa, mradi ajue analolipia.

Nimetaja bomba la maji kwa makusudi. Wakati wa vita vya Mau Mau, wapiganaji wa msituni walikosa silaha kiasi cha kuunda bunduki zao kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 waliivamia stesheni ya polisi ya Naivasha, si mbali na hapa, wakawafungua wafungwa na kutwaa bunduki, kwa kuwa walijua upungufu wa zile walizojitengenezea. Bomba halina mifereji wala halikuumbwa kustahimili shinikizo la baruti. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka zikamjeruhi yule aliyezishika badala ya adui. Wale walikuwa na udhuru, maana walipigania ardhi na hawakuwa na chaguo. Mtu wa leo anayempelekea mchomeleaji wa kando ya barabara bunduki yake ili amkazie mtutu wa bei nafuu hana udhuru huo. Rahisi ni ghali, na katika jambo hili bei inaweza kuwa jicho au mkono.

Sasa turejee kwenye swali la kwanza, lile la kazi. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, aliwinda viboko katika Ziwa Naivasha akisindikizwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Enzi hizo mwenye leseni aliitwa mwindaji, naye Mwafrika aliyewinda kwa upinde wa baba yake aliitwa jangili. Dhuluma hiyo tusiisahau tunapozisifu bunduki zilizobaki. Baada ya uhuru leseni ziliendelea hadi Mei 1977, Serikali ilipopiga marufuku uwindaji kote nchini. Mwaka uliofuata biashara ya nyara nayo ikafungwa. Mnamo Julai 1989 Rais Moi alizitia moto pembe za ndovu mbele ya macho ya ulimwengu, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ikaendelea kuharamisha uwindaji wa starehe na hata ule wa kitoweo.

Kulikuwa na kipindi kimoja cha kati. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 hadi mwaka wa 2003, baadhi ya ranchi, zikiwamo za Naivasha na Nakuru, ziliruhusiwa kuvuna idadi maalumu ya wanyama kama pundamilia kwa majaribio, na nyama yake ikauzwa hadi mikahawa ya Nairobi. Kazi ile ilihitaji mtutu mwema kuliko hata uwindaji, kwa sababu mvunaji alitakiwa kuangusha mnyama kwa risasi moja pasipo kuharibu nyama. Bunduki za wakati ule zilikuwa na ajira. Majaribio yalipofungwa, ajira hiyo nayo ikaisha.

Lau jirani yangu angekuwa Tanzania, ambako uwindaji ulisimamishwa mwaka wa 1973 na kurejeshwa 1978, au kando ya Ziwa Mburo nchini Uganda, ambako uliruhusiwa tena kwa majaribio mwaka wa 2001, jibu langu lingekuwa jingine. Huko bunduki ya masafa marefu ina kazi halali, na mwindaji anayeingia porini na mtutu uliochakaa huku akijua anafanya ukatili. Mtutu mpya huko ni wajibu.

Lakini tuko Ndabibi. Wapo watakaoniuliza: Je, nyati akiingia shambani? Nayaelewa maumivu ya swali hilo. Mkulima aliyelima kwa mkopo, akaamka akakuta mahindi yamelala chini, hahitaji mahubiri. Hata hivyo, hebu tupige hesabu. Bunduki inayotawanya risasi kwa upana wa sentimita 15 kwa umbali wa mita 100, kwa mita 300 itazitawanya kwa sentimita 45, hata ikiwa mkono wa mpigaji hautetemeki. Sehemu ya mnyama ambayo risasi ikiingia humwangusha papo hapo haizidi upana wa sahani ya chakula. Zinazobaki humpiga tumboni au mguuni. Nyati aliyejeruhiwa haendi kufa kwa adabu. Hujificha kichakani, na kesho yake anayepita hapo si mwenye bunduki, bali ni mama anayetafuta kuni au mtoto anayekwenda shule. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za anayeuawa na mnyama. Fedha hizo, hata zikilipwa siku hiyo hiyo, hazimfufui mtu.

Kwa sababu hiyo kazi ya kumwondoa mnyama msumbufu ni ya askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Na hapa pana lawama inayostahili kutolewa. Raia hatamani bunduki yake kuukuu pale ambapo askari hufika kwa wakati. Akipiga simu alfajiri na gari likafika jioni, huanza kulikumbuka sanduku lililo chini ya kitanda. Naivasha ndiko iliko Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Itakuwa aibu ikiwa wanaoishi karibu na darasa hilo ndio watakaochelewa kuonja matunda yake. Ua wa umeme uliozungushwa Msitu wa Eburu katika miaka ya 2010, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 40, umeonyesha kwamba waya uliotunzwa vizuri huzuia hasara nyingi kuliko bunduki. Shilingi za umma na za wakulima zielekee huko.

Ipo hoja ya urithi, nami siidharau. Bunduki iliyoshikwa na marehemu baba ni kitu kizito moyoni. Lakini kumbukumbu haihitaji mtutu mpya. Kumpenda marehemu si lazima kumpe mrithi uwezo wa kuua kwa mita 300. Urithi wa bunduki, tofauti na wa shoka au kiti, huja na mzigo: sanduku la chuma lenye kufuli, cheti cha kuhuishwa, na hofu ya usiku kwamba majambazi watasikia habari zake. Nchi yetu imezika watu wengi mno kwa silaha zilizotoka mikononi mwa wenyewe. Ndiyo maana mataifa ya eneo hili yalitia saini Azimio la Nairobi la Machi 2000 kuhusu silaha ndogo ndogo, na ndiyo maana Novemba 2016 bunduki zaidi ya 5000 ziliteketezwa kule Ngong.

Rai yangu, basi, ni hii. Mwenye bunduki inayochakaa na aanze kwa kuandika kwenye karatasi kazi halali aliyonayo. Kama ni mpiga shabaha anayekwenda kwenye uwanja ulioidhinishwa, kwa mfano wa Wakenya waliowahi kushindana Bisley nchini Uingereza, abadilishe mtutu, kwa fundi mwenye leseni na baada ya kibali kupatikana, abaki na aina ile ile ya risasi ikiwa bado anaipata, na asithubutu kuiunda upya mpaka mtambo wenyewe uonekane na kasoro. Kama karatasi imebaki tupu, asinunue mtutu wala kitako. Aipeleke bunduki kwa polisi, apewe stakabadhi, na cheti kifungwe.

Jirani yangu amenisikiliza bila kunikubalia. Ameniambia kwamba maneno yangu ni ya mtu asiye na shamba linalopakana na msitu. Huenda ana haki ya kusema hivyo. Lakini nilipomwuliza mara ya mwisho aliyoifyatua bunduki ile kwa kazi yoyote ile, alihesabu miaka kwa vidole, vikamwishia, akanyamaza. Ng'ombe anaotaka kuwauza wangali zizini, na mjukuu wake anaingia shule ya sekondari ya juu Januari. Mimi nadhani hesabu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kutangulia.